Jinsi ya kupima nodi zilizo nyuma ya programu yako ya kijamii ya blokucheni

Programu ya kijamii inayojitangaza kuwa imejengwa juu ya blokucheni hukupa ahadi mbili kwa mpigo: kwamba haitazimika, na kwamba hakuna mtu mmoja awezaye kukufunga mdomo. Ahadi zote mbili zinabebwa na nodi, yaani kompyuta zinazohifadhi mnyororo (blokucheni yenyewe), kuuongezea bloku mpya, yaani mafungu ya miamala, na kujibu maswali ya programu. Mnyororo unaweza kuwa na mamia ya nodi duniani kote, na simu yako ikawa inaongea na moja tu. Hiyo moja ikianguka, kwako wewe mtandao mzima umeanguka. Hiyo moja ikiamua kuficha chapisho, kwako wewe chapisho halipo.

Haya yameshatokea. Tarehe 11 Novemba 2020 kampuni ya Infura, ambayo programu nyingi za Ethereum huitegemea kusoma mnyororo, ilikuwa bado inaendesha toleo la zamani la Geth, programu ya kuendeshea nodi za Ethereum. Hitilafu iliyokuwa imeshasahihishwa kimyakimya katika matoleo mapya ikajitokeza, nodi za Infura zikatengana na mnyororo mkuu, na kwa saa kadhaa pochi ya MetaMask pamoja na programu chungu nzima zikayumba. Muda wote huo Ethereum yenyewe ilikuwa ikichapa kazi kama kawaida. Watu walikuwa wamehesabu nodi za mnyororo wakasahau kuhesabu njia zao wenyewe za kuufikia.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwako, kwenye programu unayoitumia, na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa wanaozalisha bloku. Mifano mingi nimeichukua kutoka Hive, mtandao wa kijamii wa blokucheni, kwa sababu nodi zake za API (zile zinazojibu maswali ya programu) hujibu mtu yeyote bila usajili wala malipo, na bloku mpya hutoka kila baada ya sekunde 3, hivyo hitilafu huonekana upesi. Mantiki ni ile ile kwa mitandao mingine ya aina hii. Unachohitaji ni kompyuta yenye teminali (dirisha la kuandikia amri), programu mbili ndogo za bure, curl ya kutuma maswali na jq ya kupanga majibu, na saa moja ya utulivu.

Kabla ya kuanza, tenganisha aina mbili za nodi, kwani kuzichanganya ndiko kunakoleta mabishano yasiyoisha. Kuna nodi zinazozalisha bloku. Kwenye Hive wenye nazo huitwa mashahidi, na kila mzunguko una 21: 20 wanaoongoza kwa kura na mmoja wa zamu kutoka kwa wanaofuata. Halafu kuna nodi za API, ambazo hazizalishi chochote. Kazi yake ni kusoma mnyororo, kupanga machapisho, maoni na kura katika hifadhidata, na kuipatia programu yako majibu. Mtu anaweza kuwa shahidi hodari bila kuendesha nodi ya API, na kinyume chake pia. Unapoona ukurasa umekwama, mara nyingi tatizo liko kwenye aina hii ya pili.

Hatua ya 1: Jua programu yako inaongea na nani

Fungua mipangilio ya programu utafute mahali pa kuchagua seva au nodi. PeakD na Ecency, ambazo ni kurasa mbili tofauti za kuingilia Hive, zote zina sehemu hiyo. Andika anwani unayoikuta hapo.

Kama hakuna mipangilio ya namna hiyo, tumia kivinjari cha kompyuta: fungua zana za msanidi kwa kubonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Utaona orodha ya anwani zinazoitwa. Zile zinazopokea maombi ya JSON (muundo wa maandishi ambao programu hubadilishana data) ndizo nodi, au seva iliyosimama mbele ya nodi.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Ukikuta maombi yote yanakwenda kwenye anwani ya kampuni yenyewe iliyotengeneza programu, na hakuna namna ya kuibadilisha, umeshapata nusu ya jibu unalolitafuta. Huenda nyuma ya seva hiyo kuna nodi 50, huenda ipo moja. Wewe kama mtumiaji huna nafasi ya kuchagua, na ugatuzi (kutawanya mamlaka kwa wengi) usiokupa nafasi ya kuchagua hauna faida kwako siku mambo yakiharibika.

Hatua ya 2: Iulize nodi swali moja

Fungua teminali uandike:

curl -s --data '{"jsonrpc":"2.0","method":"condenser_api.get_dynamic_global_properties","params":[],"id":1}' https://api.hive.blog | jq .result

Utarudishiwa mistari mingi. Minne inakutosha. Wa kwanza ni head_block_number, namba ya bloku ya mwisho ambayo nodi hii imeipokea. Wa pili ni time, saa ya bloku hiyo kwa majira ya UTC. Wa tatu ni current_witness, jina la shahidi aliyeizalisha. Wa nne ni last_irreversible_block_num, namba ya bloku ya mwisho ambayo haiwezi tena kutenguliwa.

Linganisha time na saa ya UTC ya sasa hivi (andika date -u kwenye teminali uione). Nodi yenye afya itakuwa nyuma kwa sekunde chache tu. Hakikisha saa ya kompyuta yako yenyewe iko sawa, vinginevyo utailaumu nodi isiyo na hatia. Kisha tazama pengo kati ya head_block_number na last_irreversible_block_num. Tangu toleo la 26 la itifaki ya Hive, lililoanza kazi Oktoba 2022, mashahidi huthibitishiana bloku papo kwa papo, kwa hiyo kwa kawaida pengo ni la bloku moja au mbili. Ukiona pengo linapanuka hadi makumi na haliponi, basi mashahidi hawasikilizani vizuri, na hilo si kosa la nodi uliyoiuliza.

Hatua ya 3: Iulize tena na tena, na ulize wenzake

Jibu moja halipimi uthabiti. Hifadhi maandishi haya kwenye faili uliite pima.sh:

Q='{"jsonrpc":"2.0","method":"condenser_api.get_dynamic_global_properties","params":[],"id":1}'
for n in https://api.hive.blog https://api.openhive.network https://api.deathwing.me; do
echo "$(date -u +%FT%T) $n $(curl -s -m 5 --data "$Q" $n | jq -r '.result.head_block_number, .result.time' | tr '\n' ' ')"
done

Amri hii huziuliza nodi tatu, na kuipa kila moja sekunde 5 za kujibu. Iweke kwenye cron (kipanga ratiba cha kompyuta) ikimbie kila dakika, imwage matokeo kwenye faili, uiache wiki nzima. Usipunguze muda. Nodi nyingi huonekana shwari mchana mmoja na kuelemewa wakati wa matumizi makubwa au wakati mwenye nayo anapoisasisha.

Ukifungua faili lako utakuta makosa ya aina tatu. Kuna mstari wenye jina la nodi bila namba yoyote: nodi haikujibu. Kuna mstari wenye null: nodi imejibu, lakini jibu lenyewe ni kosa. Na kuna mstari ambao kwa juu juu unapendeza, una namba na una saa, ila namba ile iko nyuma ya wenzake kwa bloku 200 na haisogei. Hiyo ya tatu ndiyo ninayokuomba uiogope. Nodi iliyokufa hujulikana mara moja na programu huhamia nyingine. Nodi iliyokwama hujibu kwa adabu na kwa kasi, ikikuletea mambo ya dakika 10 zilizopita kana kwamba ndiyo ya sasa. Mtumiaji anaandika maoni, hayaoni, anaandika tena, na mwishowe anajikuta ameyaweka mara tatu. Maktaba nyingi za waandaaji wa programu huhama nodi pale tu isipojibu. Hazikagui kama jibu limechacha. Ikiwa wewe ndiye mtengenezaji wa programu, ongeza ukaguzi huo mwenyewe: time ikiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 30, ichukulie nodi hiyo kuwa imekufa.

Sasa piga hesabu. Nodi inayopatikana kwa asilimia 99 huonekana nzuri kwenye karatasi, lakini maana yake ni zaidi ya siku 3 na nusu za kuzimika kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9. Nodi tatu za asilimia 99 kila moja, zinazoanguka bila kuhusiana, zitakuwa zimelala zote kwa pamoja kwa nusu dakika hivi kwa mwaka. Ndiyo nguvu ya ugatuzi, na inapatikana kwa mashine za kawaida kabisa. Ila lile neno "bila kuhusiana" ndilo linalobeba hesabu yote, na hatua ya 5 inalishughulikia.

Hatua ya 4: Kagua kama nodi inasema kweli

Watu wengi hupima kasi wakaishia hapo. Kwa mtandao wa kijamii, swali zito zaidi ni kama nodi inakuonyesha kila kilichopo.

Anza na lile ambalo nodi haiwezi kulifanya. Kila chapisho, maoni au kura kwenye Hive hutiwa saini kwa ufunguo wa mwenye akaunti. Nodi haina ufunguo wako, hivyo haiwezi kutunga muamala wa chapisho kwa jina lako ukakubaliwa na nodi nyingine. Kinachowezekana ni kukaa kimya: kutokurudishia chapisho fulani, kulichelewesha, au kupokea muamala wako bila kuusambaza. Tena kuna namba ambazo hazimo ndani ya bloku kwa namna unayoweza kuzithibitisha kirahisi, kama vile salio, idadi ya wafuasi na mpangilio wa machapisho. Hizo nodi inazikokotoa yenyewe. Ethereum huweka ndani ya kila bloku alama ya hali nzima ya mnyororo, hivyo salio linaweza kuthibitishwa kwa hisabati. Bloku za Hive hubeba alama ya miamala tu. Njia iliyobaki ni kuwauliza wengi na kulinganisha.

Fanya hivi. Chagua chapisho unalolijua, likiwezekana lenye ubishi. Uliza nodi mbili kwa njia ya condenser_api.get_content, ukitaja jina la mwandishi na anwani ya chapisho. Majibu yakitofautiana, tafuta bloku lilimoandikwa chapisho hilo uisome moja kwa moja kwa condenser_api.get_block. Mambo yakiwa hivi: bloku ina chapisho, nodi moja inalionyesha na nyingine hailionyeshi, basi umekuta uchujaji katika ngazi ya API. Na ikiwa nodi zote mbili zinalionyesha lakini ukurasa wa programu haulionyeshi, anayechuja ni programu. Uchujaji wenyewe si lazima uwe uovu. Mwenye ukurasa ana haki ya kuondoa picha za ukatili, na pengine sheria inamlazimisha. Muhimu ni ujue unafanyika wapi, na kama una njia nyingine ya kulifikia lile lililochujwa.

Kwa upande wa kuandika, kuna mbinu ambayo ningependa kila mtengenezaji wa programu aitumie. Muamala uliokwisha kutiwa saini unaweza kutumwa kwa nodi mbili au tatu kwa wakati mmoja bila hofu ya kujirudia, kwa sababu utambulisho wake ni uleule na mnyororo huukataa wa pili. Baada ya kutuma, uliza transaction_status_api.find_transaction kwenye nodi ambayo hukuitumia kutuma. Jibu within_mempool lina maana muamala unasubiri; within_irreversible_block lina maana umeshaingia na hautolewi. Ukipata unknown kwa muda mrefu kutoka kwa nodi ya pili, nodi ya kwanza ilikupokelea mzigo ikaukalia.

Hatua ya 5: Tafuta wenye nodi na mahali zilipo

Majina matatu ya nodi si lazima yawe nodi tatu. Tumia dig +short ikifuatiwa na jina la nodi upate anwani yake ya IP, kisha whois kwa anwani hiyo. Angalia kampuni inayokodisha seva na nchi. Ukikuta Cloudflare au kinga nyingine ya namna hiyo, mahali halisi pamefichwa. Muulize mwenye nodi, kwani wengi wao hujitangaza hadharani na hujibu. Asiyetaka kusema hata jina la kampuni anayokodisha, mweke mwisho kwenye orodha yako.

Kwa nini kampuni ya kukodisha ni muhimu kiasi hicho? Mwanzoni mwa Novemba 2022 kampuni ya Hetzner ya Ujerumani ilizikatia huduma seva za Solana, mnyororo mwingine wa blokucheni, kwa kuwa masharti yake hayaruhusu shughuli za sarafu za kidijitali. Takriban asilimia 20 ya dau lote la mtandao (sarafu zinazowekwa rehani ili kushiriki kuthibitisha bloku) ilikuwa imeegeshwa kwa kampuni hiyo moja, na ikaondoka kwa mpigo. Mnyororo haukusimama, kwa sababu mitandao ya namna hiyo hushindwa kukubaliana pale tu zaidi ya theluthi moja ya dau inapotoweka. Lakini umbali kati ya 20 na 33 si mrefu. Wamiliki walikuwa wengi, kila mmoja na jina lake na ufunguo wake, na bado barua moja ya masharti iliwagusa wote.

Kwa hiyo unapochagua nodi tatu za kutegemea, zitofautishe kwa mambo matatu: mwenye nodi, kampuni ya seva, na nchi. Kati ya hayo, mimi hulipa uzito mkubwa zaidi la kampuni ya seva, kwa kuwa ndilo linalosahaulika zaidi.

Hatua ya 6: Angalia nani ameshika kura

Nodi zote zinaweza kuwa hewani, kila bloku ikatoka kwa wakati, na ugatuzi ukawa umekufa. Mfano mkubwa wa hili uko katika historia ya mitandao hii hii ya kijamii.

Steem ulianza Machi 2016, ukiwa mtandao ambao waandishi hulipwa kwa kura za wasomaji. Kampuni iliyouanzisha, Steemit Inc., ilijichimbia sarafu nyingi mwanzoni kabisa, na kwa miaka watu waliridhika na maelezo kwamba sarafu hizo hazitatumika kupigia kura mashahidi. Februari 2020 kampuni ikanunuliwa na Justin Sun, mwanzilishi wa blokucheni ya Tron. Mashahidi wakaingiwa na hofu, wakaweka toleo la programu lililozuia sarafu hizo kupiga kura. Tarehe 2 Machi 2020 likaja jibu: masoko ya sarafu za kidijitali ya Binance, Huobi na Poloniex yalizigeuza sarafu zilizokuwa kwenye hifadhi zao kuwa nguvu ya kura, na ndani ya saa chache mashahidi wote 20 wa juu wakaondolewa na wapya kuwekwa. Binance na Huobi baadaye waliziondoa kura zao, lakini hali haikurudi ilivyokuwa. Tarehe 20 Machi 2020 sehemu kubwa ya jumuiya ikajitenga ikaanzisha Hive, ikinakili mnyororo wote isipokuwa zile sarafu za kampuni.

Nasimulia kwa kirefu kwa sababu siku ile kipimo chochote cha uthabiti kingetoa alama za juu. Ukurasa ulifunguka. Machapisho yaliingia. Waliobadilika ni wale tu wanaoamua sheria za mnyororo, na Mei mwaka huohuo ikaonekana maana yake: mabadiliko mapya ya itifaki ya Steem yalichukua sarafu zaidi ya milioni 23 kutoka akaunti 64 za watu waliokuwa wapinzani.

Sasa pima mtandao wako. Kwenye Hive, omba orodha hii:

curl -s --data '{"jsonrpc":"2.0","method":"condenser_api.get_witnesses_by_vote","params":[null,21],"id":1}' https://api.hive.blog | jq -r '.result[] | "\(.owner) \(.votes) \(.total_missed) \(.running_version)"'

Kila mstari unakupa jina la shahidi, uzito wa kura zake, idadi ya bloku alizokosa tangu aanze, na toleo la programu analoendesha. Idadi ya bloku zilizokosekana isikutishe ikiwa shahidi ana miaka mingi kazini. Iandike leo, irudie baada ya mwezi, utazame ongezeko. Shahidi ambaye namba yake inapanda kila wiki hana mashine ya akiba, au hayupo macho.

Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa wa mashahidi wa PeakD uone nani amempigia nani. Akaunti moja inaruhusiwa kumpigia kura hadi mashahidi 30, na inaweza pia kuikabidhi kura yake kwa akaunti nyingine. Swali la kujiuliza ni hili: nikimwondoa mpiga kura huyu mmoja mkubwa, wangapi kati ya 20 wa juu watashuka? Rudia kwa wa pili na wa tatu. Mabadiliko makubwa ya itifaki yanahitaji mashahidi 17 kuyakubali, kwa hiyo idadi ya chini kabisa ya wapiga kura wanaoweza kuwaweka 17 wao ndiyo kipimo chako halisi. Kipimo cha namna hii kilipewa jina la Nakamoto na Balaji Srinivasan na Leland Lee mwaka 2017. Ukikuta jibu ni watu wanne, basi mtandao wako una wakubwa wanne, hata kama una nodi elfu.

Hive walijifunza kutokana na ya Steem: sarafu zinazogeuzwa kuwa nguvu leo hupata uwezo kamili wa kupigia mashahidi kura baada ya siku 30, na kura isiyohuishwa kwa mwaka mzima huisha nguvu. Ukipima mtandao mwingine, ulizia kama una kinga za namna hiyo. Kwa mitandao iliyo juu ya Ethereum swali hubadilika kidogo. Mtandao wa kijamii wa Farcaster, kwa mfano, husajili akaunti kwenye OP Mainnet, mnyororo uliojengwa juu ya Ethereum, na miamala ya OP Mainnet hupangwa na seva ya mpangaji mmoja. Unapaswa kujua huyo mmoja akilala kitasimama nini (usajili wa akaunti mpya?) na kitaendelea nini.

Hatua ya 7: Programu ya nodi, na picha

Haya mawili hayahitaji muda mrefu. Kwanza, ulizia kuna programu ngapi tofauti za kuendeshea nodi. Tarehe 11 na 12 Mei 2023 Ethereum ilishindwa kukamilisha bloku (kuzithibitisha zisitenguliwe tena) kwa muda kwa kuwa programu za Prysm na Teku zilielemewa. Lighthouse ikastahimili, na mnyororo ukaendelea kutoa bloku. Hive ina programu moja tu, hived, ambayo wote huitumia. Hitilafu moja humo inaweza kuwaangusha wote kwa sekunde ileile, na huo ni udhaifu wa kweli ambao wanaoipenda Hive hawapaswi kuufunika.

Pili, bonyeza picha yoyote kwenye chapisho lako utazame anwani yake. Kwa kawaida picha na video hazimo kwenye mnyororo. Mnyororo hubeba kiungo tu, na faili liko kwenye seva ya kawaida. Hifadhi nakala zako mwenyewe.

Hatua ya 8: Jipange, kisha jaribu kwa kuzima

Ukishapata majibu yote haya, chagua nodi tatu ziweke kwa mpangilio wa matokeo ya wiki yako ya upimaji. Mtumiaji wa kawaida aziandike mahali pamoja na ajue kipengele cha kubadilisha nodi kiko wapi kwenye programu yake. Mtengenezaji aziweke zote kwenye msimbo. Maktaba ya dhive hupokea orodha nzima badala ya anwani moja.

Funguo zako ziwe mkononi mwako. Hive hukupa ufunguo wa kuchapisha uliotengwa na ule wa kuhamisha fedha. Ingia kwa ufunguo wa kuchapisha katika kurasa mbili tofauti, tuseme PeakD na Ecency, uhakikishe akaunti ni ileile na machapisho ni yaleyale. Ufunguo mkuu wa umiliki usiuandike kwenye programu yoyote ya kila siku.

Mwenye uwezo aendeshe nodi yake. Nodi ya kawaida ya hived inataka diski ya NVMe yenye nafasi ya mamia ya gigabaiti kama unahifadhi mnyororo wote, na subira wakati inajijenga kutoka bloku ya kwanza. Nodi kamili ya API ya kijamii ni mzigo mwingine, maana inahitaji pia hifadhidata ya PostgreSQL inayotunza machapisho na wafuasi. Kwa kikundi cha watu kumi wanaochangia gharama, hilo linawezekana kabisa, na mtandao hupata mlango mmoja zaidi usio wa kampuni.

Mwisho, fanya zoezi. Fungua faili la /etc/hosts kwenye kompyuta yako, andika 127.0.0.1 ikifuatiwa na jina la nodi yako kuu, hifadhi, kisha funga kivinjari na ukifungue upya. Kwa kompyuta yako, nodi hiyo sasa imekufa. Fungua programu. Soma. Andika maoni. Piga kura. Tazama inachukua sekunde ngapi kuhamia nodi ya pili, au kama inabaki inazungusha alama ya kusubiri. Ikikwama, mwandikie mtengenezaji umweleze ulichofanya na ulichokiona, pamoja na saa kamili. Kisha ondoa mstari ule, weka jina la nodi ya pili, urudie. Nodi iliyokwama inahitaji jaribio la peke yake, kwa kuwa /etc/hosts haiwezi kuiigiza: kama wewe ndiye mtengenezaji, simamisha seva ndogo kwenye kompyuta yako inayorudisha jibu moja la zamani kila inapoulizwa, ielekeze programu huko, na usiitoe programu hiyo kwa watu hadi itakapolikataa jibu hilo yenyewe.